Beki wa ngao achukue vipaji gani vya kuanzia? Hesabu riaksheni kwanza

Mtu mpya akija kwetu kwenye Pathfinder, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, akasema anataka kuwa beki, yani yule mhusika wa kubeba ngao na kusimama mbele ili wenzake wasiumie, swali lake la kwanza huwa lile lile, nichukue vipaji gani vya ngao, yani uwezo wa ziada unaomchagulia mhusika wako. Na ukichungulia simu yake tayari keshaorodhesha kila kitu chenye neno ngao ndani. Mimi humwambia taratibu kaka, hebu niambie kwanza, kwa raundi moja una riaksheni ngapi, yani yale matendo ya kumjibu adui nje ya zamu yako? Moja. Haya, na hivyo vitu vitatu ulivyoandika hapo vinatumia nini? Hapo ndo anaanza kujikuna kichwa, manake vyote vitatu vinaila hiyo hiyo moja.

Nimekaa mbele ya kundi na ngao yangu muda wa kutosha, na nimekaa pia nyuma nikiwa mchawi nikitegemea beki wa mtu mwingine, na naweza kusema beki wengi wanaoanza hawana shida ya kinga. Kinga wanayo mpaka inamwagika. Shida yao ni kuwa adui anawatazama, anaona hapa hapapigiki, anawazunguka na kwenda kumla mchawi. Sasa beki mzima hana hata mkwaruzo na wenzake wote wako chini, amefanya kazi gani? Kwa hivyo vipaji vya kuanzia mimi navichagua kwa maswali mawili, hiki kitagombania riaksheni yangu au la, na hiki kitamlazimisha adui anishughulikie mimi au la. Swali la kinga naliweka la tatu.

Tuelewane kwanza tunacheza nini. Sisi hapa Amu, yani Lamu, tunacheza Pathfinder toleo la pili, ile ya kampuni ya Paizo iliyotoka 2019 na vitabu vyake vikaanza kuandikwa upya mwisho wa 2023. Hatukuichagua kwa falsafa yoyote, ni mfuko tu, sheria zake zote ziko bure kwa tovuti ya Archives of Nethys, bure ya halali si ya wizi, na kitabu cha kuagiza ng'ambo mpaka kikufikie kisiwani gharama yake nyie mnaijua. GM wetu, yani msimamizi wa mchezo, ni mwalimu wa hesabu, sote twamwita ami japo ni ami wa mmoja wetu tu. Tunacheza darini kwake baada ya isha. Vigae vya sakafu ndo ramani, kigae kimoja futi 5, maadui ni komwe za bao na sisi ni vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu. Dadu la kweli la pande 20 liko moja, la ami, wengine tunarusha kwa programu ya simu, na likiruka ukuta likaangukia njiani mchezo unasimama mpaka mtu ashuke na tochi akalitafute, na kabla hajaligusa lazima atupigie kelele limelala namba gani, kuna watu walishawahi kutaka lihesabiwe.

Haya. Kwa zamu yako unapata aksheni tatu, yani matendo matatu, na nje ya zamu yako unayo riaksheni moja mpaka zamu irudi kwako. Kwenye Pathfinder ngao haikukingi kwa sababu umeishika tu, lazima utoe aksheni moja uinyanyue ndo upate +2 ya kinga mpaka zamu yako inayofuata. Alikuja jamaa kutoka Mombasa kazoea D&D, yani Dungeons & Dragons, gemu nyingine ya aina hii, kule ngao ukishaivaa +2 ni yako saa zote hudaiwi kitu, akaona huku ni uonevu mtupu. Akauliza tena iko wapi Shield Master, kipaji cha ngao cha kwao. Nikamwambia hata kwenu huko usingeipata kirahisi, kitabu cha 2014 vipaji vyenyewe ni hiari ya GM na levo ya kwanza anayepata ni binadamu wa ile aina mbadala, alafu kitabu cha 2024 kila mtu anapewa kipaji cha asili levo ya 1 lakini Shield Master na Sentinel zimesogezwa mpaka levo ya 4, beki anabaki achague Tough ambayo ni uhai 2 kwa kila levo, au Alert ili aanze mapema. Ndo maana ukisoma ushauri wa beki popote angalia ni wa gemu ipi na kitabu cha mwaka gani, watu wanachanganya hizi vitu vibaya sana.

Turudi kwetu. Beki wangu anaitwa Kombo, ni mpiganaji, na mpiganaji levo ya 1 anapewa vitu viwili vya riaksheni bila kuchagua chochote. Cha kwanza Shield Block: ukiwa umenyanyua ngao na ukapigwa pigo la mwili, la panga au rungu au meno, unaweka ngao mbele, ugumu wa ngao unapunguza maumivu, yanayobaki mnagawana wewe na ngao, na kugawana hapa maana yake kila mmoja anayala yote yaliyobaki si nusu kwa nusu. Cha pili Reactive Strike: adui aliye karibu yako akijaribu kuondoka, au akirusha mshale, au akifanya uchawi wa kuchezesha mikono, unampiga bure, na pigo lenyewe halikatwi ile adhabu ya kupiga mara ya pili. Hiki cha pili ndo roho ya beki. Watu wanakidharau kwa sababu hakina neno ngao, lakini ndicho kinachomfanya adui asimame hapo hapo mbele yako akifikiria.

Sasa mtu anaongeza Reactive Shield, kipaji cha mpiganaji cha levo ya 1, na jina lake linavutia kweli. Kinasema ukipigwa na pigo la karibu unaweza kutumia riaksheni kunyanyua ngao papo hapo, na ile +2 inahesabiwa kwa pigo hilo hilo, kwa hivyo pigo lililofika kinga yako sawasawa au kuizidi kwa moja linageuka kuwa limekosa. Kitamu. Lakini ukishakitumia huna Shield Block raundi hiyo na huna Reactive Strike, na adui wa pili aliyeona umeshanyanyua ngao anapita ubavuni kwako akiimba. Una funguo tatu na mlango mmoja. Sisemi usikichukue, mimi mwenyewe Kombo anacho, nasema kisiwe cha kwanza na ujue ni cha siku gani: ni cha ile zamu ambayo ulihitaji aksheni zote tatu kwa kazi nyingine, ukakimbia ukapiga ukakimbia tena, na ngao ikabaki chini. Siku hiyo kinakuokoa. Siku ya kawaida ukiwa umeshanyanyua ngao kwa aksheni ya tatu hakina kazi kabisa.

Kuhusu hiyo +2 yenyewe, ami alitufanyia hesabu kwa chaki siku moja na tangu siku hiyo sijawahi kubishana na kunyanyua ngao. Kombo levo ya 1 ana dirii ya minyororo ya dhahabu 6, ngao ya chuma dhahabu 2, upanga dhahabu 1, kati ya 15 za kuanzia. Kinga yake, yani namba ambayo dadu la adui pamoja na nyongeza yake lazima iifikie ndo apigwe, ni 18, akinyanyua ngao 20. Chukua adui mkubwa mwenye +11 ya kupiga. Kwa kinga 18 dadu likitoa 7 mpaka 16 umepigwa kawaida, 17 mpaka 20 ni kriti, manake gemu hii ukizidiwa kinga kwa 10 maumivu ni mara mbili. Kwa kinga 20, kawaida ni 9 mpaka 18 na kriti ni 19 na 20 tu. Yani kriti zimekatika nusu, kutoka nyuso nne za dadu mpaka mbili. Ukihesabu pigo kama moja na kriti kama mbili jumla inatoka 18 inakuja 14. Kwa aksheni moja ambayo ungeitumia kupiga upanga mara ya tatu kwa adhabu ya -10 ukakosa. Hakuna kipaji cha levo ya 1 kinachokupa hivyo, na hiki si kipaji, ni bure, ndo maana nasema kinga iwe swali la tatu, umeshaipata tayari.

Na Shield Block nayo ina mwisho wake watu hawauoni mpaka uwafike. Ngao ya chuma ina ugumu 5, uhai 20, ikifika 10 imevunjika. Tulipigana na kaa mmoja mkubwa wa kuzuliwa na ami, yuko mlangoni mwa pango, kila akipiga ni kama 12. Aliyekuwa mbele siku hiyo ni binamu yangu. Pigo la kwanza 12, akaweka ngao, 5 zikaondoka, 7 akala yeye na 7 ikala ngao, ngao ikabaki 13. Pigo la pili 12 tena, akaweka ngao tena, ngao ikabaki 6. Imevunjika, na ngao iliyovunjika huwezi kuinyanyua, kwa hivyo katikati ya vita kinga yake ikashuka 2 kwa sababu alitaka kuokoa uhai 5. Dada yetu ambaye ndiye mganga akasema si ungeniachia mimi niponye hizo 5 jamani, mimi ngao siwezi kuiponya. Tangu hapo kwetu ikawa ni kawaida, pigo dogo la 5 au 6 weka ngao, linaisha karibu lote, pigo la kati fikiria, pigo kubwa likija kuleni wenyewe, labda tu iwe bila ngao unaanguka. Na kama hutumii Shield Block kila raundi basi ile riaksheni iko huru kwa Reactive Strike, ambako ndiko nilikotaka iwe tangu mwanzo.

Sasa tuje kwa ardhi, manake nimegundua vipaji vya beki vinategemea sana GM wako anachora nini. Ami kampeni yake ya kwanza aliiweka kwenye mji wa mawe, vichochoro vile vile vya mtaa wa Mkomani, njia upana wake kigae kimoja, mahali punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Humo beki ni sultani. Unasimama katikati ya njia, hakuna anayepita bila kujaribu kupenya chini ya kwapa lako, na huhitaji kipaji chochote. Binamu alikuwa akisimama tu na kula mahamri. Lakini ami si mjinga, vita vya tatu au vya nne maadui wakaacha njia wakapanda juu, si unajua nyumba zetu zimeshikana, wakapita darini wakavuka kwa wikio, kile kivuko cha juu kinachounganisha nyumba mbili, juu ya kichwa cha beki wetu na kushuka nyuma kwa mchawi. Mchawi nilikuwa mimi. Binamu ana kinga 20 huko mbele analinda ukuta.

Kampeni iliyofuata ikaanza ufukweni, mchanga mpana kama ule wa Shela, hakuna njia nyembamba, maadui wanateremka kutoka dau wakiwa wametawanyika, na hapo ndo nikachukua ngao mimi. Kipaji changu cha kwanza kabisa kikawa Sudden Charge. Watu walinicheka, wakasema hicho ni cha watu wa mashoka makubwa. Sikilizeni hesabu yake. Kombo anatembea futi 25, vigae vitano. Adui yuko vigae tisa. Kwa kawaida unatumia aksheni mbili kumfikia, inabaki moja, uchague upige au unyanyue ngao, na ukichagua kupiga umesimama mbele yake wazi, ukichagua ngao hujamfanya chochote, anakupita. Sudden Charge ni aksheni mbili, unakwenda mara mbili na unapiga mara moja humo humo. Inabaki aksheni ya tatu, unanyanyua ngao. Umefika, umepiga, umejifunika, na riaksheni yako haijaguswa, akitaka kukuacha aende kwa mchawi atakula Reactive Strike. Hiki ndicho kipaji bora cha beki wa mpiganaji levo ya kwanza na sioni cha kukikaribia. Vita vya kwanza kabisa vya ufukweni maharamia wawili walikuwa wanamkimbilia dada yetu, nikatoka upande wa pili wa ramani, wa kwanza nikampiga, wa pili akabaki kuchagua, na ami alitazama vigae kwa muda mrefu kidogo alafu akasema, haya, anageuka anakuja kwako. Nikamwambia ndoo basi!

Akili ya ami hata hivyo haikuishia hapo. Kuna aksheni ya kujisogeza futi 5 tu kwa makini, hiyo haichochei Reactive Strike. Maadui wake werevu wakaanza kujisogeza kigae kimoja alafu kukimbia. Sawa, lakini wameshatumia aksheni moja kunikwepa, na aksheni moja kati ya tatu kila raundi kila adui si kitu kidogo, hiyo nayo ni kazi ya beki hata kama hajampiga mtu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni mikono. Unayo miwili, mmoja una upanga mwingine una ngao, umemaliza. Orodhani utaona Snagging Strike, inapiga na kumvuruga adui asijikinge vizuri, inapendeza, lakini inataka mkono mmoja mtupu. Kumkamata mtu, kumsukuma, kumpiga mtama, vyote vinataka mkono mtupu isipokuwa silaha yako iwe ya aina inayoruhusu. Double Slice inataka silaha mbili. Kabla hujapenda kipaji soma ule mstari wa masharti juu, ni mstari mmoja tu, watu wanaruka wakakimbilia chini kwenye utamu.

Kisichotaka mkono ni kutisha. Asili ya Kombo ni askari, ile inayoitwa Warrior, inakupa ujuzi wa kutisha watu na kipaji cha Intimidating Glare, manake unaweza kumtisha adui kwa jicho tu bila kusema neno, kwa hivyo hata asiyejua lugha yako na hata aliye kiziwi anatishika. Kutisha ni aksheni moja, umbali futi 30, ukifaulu anapata hofu ya 1, na hofu ya 1 inamkata moja kwa kila kitu, kupiga kwake kunapungua, na kinga yake pia inapungua. Ona sasa, kumkata adui moja ya kupiga ni sawa na kuwapa wenzako wote +1 ya kinga dhidi yake, si wewe peke yako. Hicho nahesabu ni kipaji cha kujihami kuliko vingi vyenye neno ngao. Adui mmoja huwezi kumtisha tena mpaka dakika 10 zipite, ufaulu usifaulu, kwa hivyo gawa jicho lako vizuri.

Zamu yangu ya kawaida ukitaka kuiona ni hii: napiga mara moja, namtisha mmoja, nanyanyua ngao. Pigo la pili kwa -5 silihitaji sana. Zamu ya kufika ni Sudden Charge na ngao.

Kombo ni binadamu, na sababu ni kuwa binadamu anachota vipaji viwili zaidi ukimpanga vizuri. Kipaji cha uzawa nilichukua Natural Ambition, kinakupa kipaji kingine cha levo ya 1 cha darasa lako, yani aina ya mhusika kama mpiganaji, humo ndo nikaweka Reactive Shield kama cha pili. Alafu urithi wa Versatile unakupa kipaji kimoja cha jumla. Hapa kila mtu atakwambia Toughness, na Toughness si kibaya lakini levo ya 1 kinakupa uhai mmoja. Mmoja! Kinakua na levo, ukifika mbali kina maana, na kinakusaidia pia kuamka ukianguka. Diehard nayo inakupa nafasi moja zaidi kabla hujafa, unakufa hesabu ya kufa ikifika 5 badala ya 4, hiyo nawapendekezea wanaocheza kundi lisilo na mganga. Sisi tuna dada yetu, kwa hivyo nilichukua Fleet, futi 5 zaidi ya kutembea, vigae vitano vikawa sita, na Sudden Charge ikawa inafika vigae kumi na mbili. Kwenye mchanga mlaini ami anahesabu ardhi ngumu kila kigae kama viwili, hapo kila futi inaonekana.

Binamu baada ya yale ya wikio akaachana na mpiganaji, akafanya champion, aina nyingine ya mhusika wa kulinda wenzake, na nataka niseme kitu kuhusu champion manake watu wengine wakisoma haya watafikiri mpiganaji ndo njia pekee. Champion wa haki riaksheni yake inakuja adui akimpiga mwenzako, wote wawili wakiwa ndani ya futi 15 kutoka kwako, mwenzako anapunguziwa maumivu 2 na levo yako, yani 3 kwa levo ya kwanza, na adui akiwa unamfikia unampiga. Hili ni jambo jingine kabisa na mpiganaji. Mpiganaji anamwambia adui usiondoke. Champion anamwambia nenda, lakini utalipa. Kwa kichochoro na kwa chumba kidogo champion namuweka mbele, kwa ufukwe na uwanja mpiganaji. Naye Shield Block anapewa bure pia, na kwake haina nafasi karibu kabisa, riaksheni yake ina kazi bora kila raundi, sasa yeye kujaza vipaji vya ngao mwanzoni ni kuchoma pesa. Binamu haniamini kwa hili, anapenda sauti ya ngao.

Na kama umeshachagua vibaya usitupe mhusika. Sheria zinaruhusu kujifunza upya, wiki moja ya ndani ya mchezo kwa kipaji kimoja, ami huiweka wakati tumesubiri upepo bandarini na hakuna anayepigana.

Baada ya kuanza mambo yanafunguka. Levo ya 2 kipaji cha ujuzi nilichukua Quick Repair, kinataka uwe na ujuzi wa kuunda vitu, kutengeneza ngao kunatoka dakika 10 kunakuja dakika 1, na ukifaulu kwa ujuzi wa kawaida unarudisha uhai 10 wa ngao. Kabla yake kila tukimaliza vita kundi zima linakaa linasubiri mimi nigonge chuma, mganga anachoka. Levo hiyo hiyo kuna Aggressive Block, ukizuia kwa ngao unamsukuma adui futi 5 au anakosa kujikinga vizuri, na yeye ndiye anachagua, lakini akisukumwa akakutana na kitu kigumu hana uchaguzi tena, lazima awe wazi. Kwenye kichochoro cha ami ambako kuta ziko pande zote sikuambii. Kwenye mchanga wazi nilikiacha. Levo ya 4 nikachukua Shielded Stride, natembea nusu ya mwendo na ngao juu bila kuchochea riaksheni za maadui, maana ami naye maadui wake wameanza kuwa na Reactive Strike.

Ile riaksheni ya ziada ya kuzuia kwa ngao, Quick Shield Block, iko levo ya 8, hapo ndo ule ugomvi wa funguo unapoa kidogo na Shield Block inaanza kulipa kila raundi. Sisi bado. Tuko levo ya 5 na ami ameleta wachawi wa moto, moto Shield Block ya kawaida haiuzuii, kwa hivyo levo ya 6 naangalia kati ya Reflexive Shield ambayo inaipa ngao nafasi dhidi ya moto na mambo ya kuruka kando, na Shield Warden ambayo unamkinga mwenzako aliye kigae cha pembeni. Dada anataka Warden kwa sababu yeye ndiye huwa pembeni. Ami hasemi kitu, lakini juzi alikuwa akinunua komwe nyingine, na zote alizipaka rangi nyekundu.